Yaurti ya Nyumbani na Munkoyo: Desturi ni Nini mu Muji wa Lubumbashi?

Mu vijitabu vya mila na desturi sawa hiki chetu, kurasa zinagawanywa kufuatana na makabila. Kuna ukurasa wa Babemba, wa Baluba, wa Balamba, wa Basanga, wa Bayeke, wa Batshokwe. Kila moja analeta ndoa yake, matanga yake, byakula yake na vinywaji vyake. Ni kazi nzuri, na hakuna mutu wa kuidharau. Lakini ukisoma yote toka mwanzo mpaka mwisho, utazani kama Lubumbashi ni kituo cha treni tu, ambapo kila mutu ameikala juu ya mizigo yake anangoja kurudia kwao. Na muji wetu ulianza mwaka wa 1910. Watoto wengi wa Kamalondo, wa Kenya, wa Katuba na wa Ruashi hawajakanyaga hata siku moja kijiji cha babu yao. Je, hao hawana desturi?

Swali hili nitaliuliza kupitia kitu kidogo: ile yaurti ambayo wamama wanatengeneza nyumbani, wanaifunga mu sashe, na wanaiuza mbele ya mulango ao karibu na masomo. Juu yake nimesikia hukumu mbili. Ya kwanza: "Ile ni kintu ya bazungu, haiko desturi yetu, desturi yetu ni munkoyo." Ya pili: "Kila kintu ya kutengeneza ku nyumba ni ya muzuri, ya ku duka njo ya mubaya." Zote mbili ni hukumu za haraka. Ya kwanza inatazama kitu kilitoka wapi, haiangalii kinafanyika namna gani. Ya pili inatazama mukono unaofanya, haiangalii kama mukono umenawa. Mimi nitajaribu kupima yaurti na munkoyo kwa kipimo kimoja, na musomaji ataona kama matokeo si yale tuliyozoea kusema.

1. Maziwa yalifika kwa treni

Shurti tukubali jambo moja kwanza: wazee wa Katanga ya kusini hawakuwa watu wa maziwa. Mbung'o, yule inzi anayeleta ugonjwa wa usingizi, hakuacha ngombe waongezeke mu pori letu. Watu walikula bukari, samaki, maharagi, majani, vinkubala, nyama ya pori. Ngombe wengi walikuja na wafugaji wa wakati wa ukoloni, ku nyanda za juu kama Biano, na hata hivyo maziwa yao hayakuwa ya kila nyumba. Mu kamp za Union Minière na mu site, maziwa tuliyojua yalikuwa ya kopo na ya unga. Yalifika sawa vile muji wenyewe ulifika: kwa reli.

Kuna na sababu ya mwili. Mutoto anazaliwa na nguvu ya kusaga sukari ya maziwa, ile inaitwa laktozi. Watu wengi, na zaidi wale ambao mababu yao hawakufuga ngombe, wanapoteza nguvu hiyo wakikomaa. Mutu akikunywa kikombe cha maziwa, tumbo linaanza kunguruma, mara anakimbilia choo. Wengi wetu tunajua jambo hilo, lakini tunalisema kwa kicheko tu. Yaurti haisumbui sana, kwa sababu mikrobe zake zimekwisha kula sehemu ya sukari ile mbele yetu. Kwa hiyo, kama kuna maziwa yanayofaa watu wa kwetu, ni maziwa yaliyochachuka. Mutu anayesema yaurti haituhusu, tumbo lake mwenyewe linamupinga.

Basi mama wa Katuba anayetengeneza yaurti leo hakuipata kwa bibi yake. Ukimuuliza, atasema alijifunza kwa masista, ao ku foyer social, ao kwa jirani, ao kwa baba yake aliyekuwa mupishi mu nyumba ya muzungu. Lakini sababu ya kuifanya biashara inajulikana na kila mutu wa rika langu. Mwaka wa 1990 mugodi wa Kamoto, ile mine kubwa ya chini ya udongo kule Kolwezi, ulibomoka. Mwaka wa 1991 kulikuwa kupora maduka. Gécamines ilianguka, mishahara ikakawia miezi na miezi, na kuanzia mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka mu kazi kwa ule mupango wa "départs volontaires". Baba aliyekuwa analisha nyumba alibaki ameikala ku kiti, na mama akatoka inje na ndoo, na mbabula, na sufuria. Kitabu Byakula cha Pierre Petit, kilichotoka mwaka wa 2004, kiliuchunguza ulaji wa Lubumbashi kama jambo la elimu. Sisi wenyewe tungepaswa kuwa wa kwanza kuutazama hivyo, maana ni wamama wetu walioshika muji wakati kampuni ilipouachilia.

Kwa hiyo ile sashe ya yaurti iko na historia yake. Ni historia ya muji, haiko ya kijiji. Ni hiyo tu tofauti.

2. Kazi yenyewe, na sababu zake

Desturi ni kazi yenye sababu. Mutu akifanya bila kujua sababu, siku kitu kimoja kinageuka, yote inaharibika. Tuangalie basi kazi ya yaurti hatua kwa hatua.

Kwa litri moja ya maji, unatia karibu gramu 130 za unga wa maziwa. Ukipunguza unga, yaurti itakuwa maji maji, na hakuna ujanja wa kuisaidia kisha. Unaweka ku moto mpaka karibu ya kutokota, ku digri 85 hivi, na unaiacha pale dakika kidogo. Hatua hii iko na kazi mbili. Inaua mikrobe mbaya za maji na za unga. Tena inabadilisha zile protini za maziwa, na njo maana yaurti inashikamana vizuri na haitoe maji juu.

Kisha unaacha ipoe mpaka digri 43 ao 45. Hapa wamama wengi hawana termometri, wana kidole: kama kidole kilichonawa kinavumilia mu maziwa mpaka kuhesabu kumi bila kuungua, saa imefika. Kidole ni chombo cha kweli, mutu asikicheke. Ukitia mbegu mu maziwa ya moto sana, umeipika, imekufa. Ukiitia mu maziwa yaliyokwisha kupoa, italala, na mikrobe zingine zitaingia mbele yake.

Mbegu ni vijiko viwili vya yaurti ya asili, isiyo na sukari, isiyo na rangi. Ndani yake kuna mikrobe za aina mbili zinazofanya kazi pamoja, moja inasaidia ingine. Zinakula laktozi na kutoa asidi. Asidi ikizidi, maziwa yanaganda. Unafunika sufuria, unaifunga na bulangeti, unaiweka mahali pasipo upepo, na hauitikise tena. Wakati wa joto, saa sita zinatosha. Mwezi wa sita na wa saba, wakati usiku wa Lubumbashi unashuka mara nyingi chini ya digri 10, hata saa kumi hazitoshi kama haukuifunga vizuri. Mama mujuzi anaweka sufuria karibu na mbabula iliyozimika, ao ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu.

Ile asidi haitoe utamu peke yake. Inazuia mikrobe nyingi za magonjwa zisizaliane. Njo maana yaurti inadumu kupita maziwa mabichi, na mu muji ambamo delestaje inakata umeme bila kuaga, hilo si jambo dogo. Kwa nyumba isiyo na frigo ya kutegemea, kuchachusha ni akiba.

3. Munkoyo inafanya nini?

Sasa tuangalie munkoyo, kinywaji ambacho hakuna mutu anayekikatalia jina la desturi. Kinajulikana kwa Babemba, kwa Balamba, na kwa ndugu zetu wa ngambo ingine ya mupaka, kule Zambia. Unapika uji wa unga wa mahindi kwa muda murefu. Unaacha upoe kiasi. Kisha unatia muzizi wa munkoyo uliopondwa mpaka nyuzi zake zikaachana. Kisha masaa, ule uji muzito unakuwa mwepesi na mutamu, kumbe hakuna mutu aliyetia sukari. Unachuja. Siku hiyo watoto wanakunywa. Ukiacha siku moja ao mbili, inakuwa kali kidogo, na wakubwa wanafurahi zaidi.

Ku masomo, wakati wa somo la biolojia juu ya kuchachuka, vitabu vyetu vinaleta mifano ya mukate, ya divai na ya yaurti. Wanafunzi wanaandika bila kuuliza. Lakini nikiwaambia waeleze munkoyo, darasa lote linaamuka. Kwa nini uji muzito unakuwa maji? Kwa sababu muzizi ule una kitu kinachokata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Kwa nini muzizi usitiwe mu uji unaotokota? Kwa sababu moto mukali unaua nguvu hiyo, sawa vile maziwa ya moto yanaua mbegu ya yaurti. Kwa nini inakuwa kali siku ya pili? Kwa sababu mikrobe zinakula ile sukari na kutoa asidi, na hizo ni ndugu za zile za yaurti. Na zinatoka wapi? Zingine zinatoka ku muzizi, zingine ku chombo. Wazee walikuwa na kibuyu kimoja kilichowekwa kwa kazi hiyo tu. Ndani ya ukuta wa kibuyu mulibaki mikrobe za mara iliyopita. Kibuyu kile kilikuwa njo mbegu.

Tuone basi undugu. Bibi wa kijiji na mama wa Katuba wanafanya kazi moja: wanapika ili kuua, wanapoza ili kulinda, wanatia mbegu, wanangoja. Tofauti ni kwamba mu maziwa sukari iko tayari, na mu mahindi shurti muzizi uitoe kwanza. Kwa upande huo, munkoyo ni kazi ya akili kupita yaurti. Hilo tunaweza kujivunia bila kudanganya mutu.

4. Makosa ya yaurti ya muji

Nimetetea yaurti, sasa nitaikosoa, maana mutetezi asiyeona kasoro haaminiki.

Kosa la kwanza, na la hatari zaidi, ni la maji. Kwa kuwa unga wa maziwa unaonekana kama kitu "tayari", kuna wanaoukoroga mu maji ya uvuguvugu bila kupika, kisha wanatia mbegu na kufunika. Maji yenyewe yanatoka wapi? Mu karte nyingi bomba halitoe kila siku, na watu wanateka mu visima vilivyo karibu na vyoo. Mwaka wa 2008 kipindupindu kilipiga Lubumbashi na Likasi, na hakikuwa cha kwanza wala cha mwisho. Mutu asijidanganye kama asidi itasafisha yote. Asidi inazuia, haifufui maji yaliyokufa. Tena inakuja polepole, na mu masaa ya kwanza mikrobe mbaya ziko na nafasi yao. Mama anayeruka hatua ya moto anaokoa makala kidogo, na anayelipa ni mutoto wa mwenzake. Hapa sitaki kusema "ni kwa sababu ya umaskini". Wamama wengine wa umaskini uleule wanapika.

Kosa la pili ni la sashe. Maziwa yamepikwa vizuri, yameganda vizuri. Halafu mutu anafungua sashe kwa kuipuliza na kinywa, anajaza na kikombe kilichowekwa chini, anafunga na mikono iliyoshika feza. Kazi ya usiku muzima inaharibiwa na dakika moja. Tena tukumbuke kama dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2017 ilikataza mifuko na sashe za plastiki mu inchi yote. Kila mutu anaona mu mitaro yetu kama sashe bado ziko. Vikombe vyenye kifuniko, ambavyo muuzaji anavirudisha na kuvitokotesha, vingekuwa jibu zuri kwa wauzaji wa mulangoni ambao wateja wao ni jirani.

Kosa la tatu ni la ukweli. Paketi zingine za unga zimeandikwa kwa herufi ndogo kama mafuta ya ngombe yametolewa na mafuta ya mimea yamewekwa. Ukitengeneza na unga huo, kinachotoka kinaweza kuganda na kuwa kitamu, lakini mama anayemupa mutoto muzaifu iko na haki ya kujua. Kuna tena wanaokaza maji kwa maizena, wanatia ndimu ili iwe kali, kisha sirop nyekundu na sukari ya kutosha kuficha yote. Hiyo ni uji wa rangi, na wanaiuza kwa jina la yaurti. Sukari nyingi mu yaurti ni sawa na pilipili nyingi mu nyama: mara nyingi inaficha kitu.

Kosa la nne linahusu mbegu. Wengi wananunua kikombe kipya ku duka kwa kila sufuria, hawaweki vijiko viwili vya jana. Siku mupaka wa Kasumbalesa unafungwa, ao dola inapanda, kazi inasimama. Wengine wananunua yaurti ya kudumu, ile inakaa miezi inje ya frigo, wanashangaa juu ya nini maziwa hayagandi. Haiwezi kuganda: yaurti ile imepikwa tena kiwandani, mikrobe zake zimekufa. Lakini na yule anayeweka mbegu yake ajue mupaka: kisha kurudia mara nyingi, mikrobe zingine zinaingia, ladha inageuka, na shurti kuanza upya na mbegu safi. Mujuzi anaonja na kujua. Asiyejua anaongeza sukari.

5. Na munkoyo ya muji?

Wapenzi wa asili watafurahi kusoma kurasa hizi, watasema: "Munaona! Munkoyo yetu haiko na mambo hayo." Hapana. Tupime kwa kipimo kilekile.

Munkoyo nyingi inayouzwa leo mu Lubumbashi inakaa mu bido na mu chupa za plastiki ambazo hatujui zilibeba nini mbele. Kuna wanaoiongeza na maji mabichi ili ijaze bido. Kuna wanaotia sukari na levire ya mukate ili isichelewe, na hapo muzizi unabaki kwa jina tu. Wauzaji wengi wananunua muzizi uliokwisha kukauka ku soko. Hawajui mumea wake, hawajui majani yake, hawawezi kumuonyesha mutoto. Na pori la karibu na Lubumbashi linarudi nyuma kila mwaka kwa sababu ya makala. Muzizi ni kitu cha kuchimba: ukiuchimba wote, hakuna mwaka ujao. Tunausifu mu vijitabu, na hatuna shamba hata moja la kuuotesha nyuma ya nyumba zetu.

Kwa kupima desturi, mimi naweka maswali mawili tu. La kwanza: kitu hiki kinaweza kuendelea kwa nguvu ya watu wenyewe, kutoka sufuria ya leo mpaka ya kesho? La pili: mwenye kukifanya anaweza kumueleza mutoto wake kwa nini anafanya hivi na si vile? Ukijibu ndiyo mara mbili, ni desturi, hata kama ilifika juzi. Ukijibu hapana mara mbili, ni jina la desturi, hata kama babu wa babu alikifanya.

Kwa kipimo hicho, munkoyo ya mutu anayechanganya sukari na levire mu bido imekwisha kuwa ngeni kwetu. Na yaurti ya mama anayepika maji, anayeweka mbegu, na anayemuonyesha binti yake namna ya kuhesabu kumi na kidole, imekwisha kuwa mwenyeji. Na kinyume chake ni kweli vilevile. Jina peke yake halitoshi.

6. Juu ya neno "kintu ya bazungu"

Inabaki ile hukumu ya kwanza, ya kusema yaurti ni ya bazungu. Tuiangalie na historia. Neno lenyewe ni la Kituruki. Wafugaji wa Asia na wa Balkani waliichachusha miaka maelfu, lakini mu Ulaya ya magharibi haikuwa chakula cha kila siku. Mwaka wa 1905, Stamen Grigorov, mwanafunzi wa Kibulgaria aliyekuwa Geneva, ndiye aliyeona mikrobe ya yaurti kwa darubini. Mwaka wa 1907, Élie Metchnikoff wa Institut Pasteur kule Paris alitangaza mu kitabu chake kama maziwa yaliyochachuka yanarefusha maisha. Alizidisha maneno, lakini watu wakaanza kuitafuta. Mwaka wa 1919, Isaac Carasso alifungua kiwanda Barcelona, akakipa jina la Danone kutokana na jina la mutoto wake Daniel, na mwanzoni yaurti hiyo iliuzwa mu famasi, sawa dawa.

Linganisha miaka hiyo na ya kwetu: 1905, 1907, 1919, na Lubumbashi 1910. Wakati reli ilifika hapa, Mubelgiji wa kawaida alikuwa hajaizoea yaurti. Yeye naye aliipata kwa wageni, na leo anaiita yake. Yaurti ya madukani na muji wetu ni wa rika moja. Nani basi alimupa muzungu ruhusa ya kupokea mugeni na kumufanya ndugu, na akatunyima sisi?

Tuangalie tena majirani. Karibu yetu, kule Zambia ya kusini, Batonga wanagandisha maziwa mu kibuyu, wanayaita mabisi. Kule Rwanda kuna kivuguto, na chombo chake cha muti kinaitwa icyansi. Kule Kenya, Wakalenjin wanatengeneza mursik mu kibuyu kilichosuguliwa na makala ya muti fulani, na wakimbiaji wao wakirudi na ushindi wanapokelewa nayo ku uwanja wa ndege. Hawa wote ni watu wa ngombe, sisi hatukuwa. Lakini wanatufundisha jambo moja: hawakuiacha kazi yao ibaki mu jikoni bila jina. Waliipa jina, chombo, na siku ya kuitoa mbele ya watu. Yaurti ya Lubumbashi haina jina lake, haina chombo chake, haina siku yake. Iko na sashe tu.

Kila mara tunasikia: mwacha asili ni mutumwa. Ni neno la kweli. Lakini wazee walisema tena: mugeni njoo, mwenyeji apone. Maneno haya mawili hayapigani. Asili yetu ni ujuzi wa kuchachusha, na ujuzi huo ulipokutana na unga wa maziwa, ulijua la kufanya. Mwenyeji aliponea hapo, wakati mishahara ilipokwisha.

7. Tufanye nini?

Nitaleta maombi matatu kwa wasomaji na kwa shirika letu.

La kwanza: mu kijitabu kitakachofuata, tuweke ukurasa wa muji. Tuwaulize wamama wa Kenya, wa Kampemba na wa Katuba namna wanavyotengeneza yaurti, na tuandike sawa wanavyosema, na vipimo vyao vya kikombe na vya kidole. Tufanye vilevile kwa munkoyo mbele wale wanaojua mumea hawajakwisha. Tulieni ku kazi hiyo; tukichelewa miaka kumi, tutaandika yale tutakayokumbuka, na hayo si mengi.

La pili: sisi walimu tuingize sufuria mu darasa. Mutoto aliyeona munkoyo na yaurti zikifanyika pamoja, meza moja, atajua kuchachuka kupita yule aliyenakili ubao. Na atarudi nyumbani kumuambia mama: maji yatokote kwanza.

La tatu ni la wanunuzi, maana muuzaji anafuata mununuzi. Tuulize: maji yalipikwa? Unga gani? Mbegu ya wapi? Mama anayejua kazi yake hatakasirika. Atafurahi kupata mutu wa kumueleza. Yule anayekasirika, tumuache na sashe zake.

Mutu anaweza kusema haya yote ni maneno mengi juu ya kikombe cha yaurti. Lakini watoto wa Lubumbashi wanaikunywa kila siku wakitoka masomo, na mama zao wanalipa minerval na feza yake. Kitu kinacholisha mutoto na kulipa masomo yake kinastahili kukosolewa kwa uangalifu, na kikirekebishwa, kinastahili kuandikwa mu kurasa hizi pamoja na vingine.